Wasichana Arobaini na Sita wa Kwenye Karatasi

Nilipowapeleka wanafunzi wangu Rabat, mji mkuu wa Moroko, kuona jinsi nchi inavyoendeshwa, kichwani nilikuwa na mambo mawili tu: kuwarudisha wote ishirini na wawili wakiwa wazima, na kupata uhamisho wangu.

Mimi ni mzaliwa wa Salé, ng'ambo tu ya mto ukiwa Rabat. Nilipangiwa kufundisha historia na uraia katika sekondari ya Tizi Ufella, milimani, mahali ambapo theluji ikianguka barabara hufungwa na gari la unga halifiki kwa wiki nzima. Nilikwenda kwa miaka miwili, ikawa sita. Mama yangu alibaki peke yake Salé na magoti yake yanayomuuma. Kila mwaka nilijaza fomu ya kuomba kurudi nyumbani, na kila mwaka jina langu halikutoka.

Safari yenyewe tuliipata kwa mbunge wetu, Si Bouazza, 'Si' kwetu ikiwa ni 'Bwana'. Yeye ndiye aliyetoa basi na kutuombea kibali cha kuingia bungeni. Alipokuja shuleni kututangazia, alimgeukia mkuu wa shule nami nikiwa nimesimama pale pale, akasema, "Na huyu ustadha wa Salé, faili lake nimeliona. Safari hii tutalitazama kwa jicho zuri." Siku hiyo nilimpigia mama simu kabla hata sijavua koti.

Tulisafiri Jumamosi, mwendo wa saa tisa. Hadda, msichana mmoja mcheshi asiyejua kunong'ona, alitapika mara mbili kwenye kona za mlima, na kila alipomaliza aliuliza kama bunge bado liko mbali. Jumapili tulipumzika katika hosteli ya vijana. Jumatatu asubuhi tulipitishwa kwanza mahakamani, ambako karani mmoja mwenye sauti nzito alituambia jambo ambalo sikulitilia maanani. "Jaji haendi mitaani kutafuta kesi," alisema. "Hapa hakuna kinachosogea mpaka mtu alete karatasi." Wengi walikuwa wanatazama dari lililonakshiwa. Tuda Uhammu aliandika.

Tuda ndiye ninayetaka kuwasimulia. Alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa mfuga nyuki wa kijiji kilicho juu zaidi ya Tizi Ufella, mwendo wa kilomita kumi na moja. Mrefu, mwembamba, koti lake lilikuwa la kaka yake. Alikuwa mmoja wa wale wanafunzi wanaouliza swali baada ya kengele kulia, wenzao wakiwa tayari mlangoni. Siku za shule alilala yeye na wasichana wengine watatu katika chumba kilicho nyuma ya duka la nyama, wakivumilia harufu, kwa kuwa mjini petu hapakuwa na bweni la wasichana. Wavulana walikuwa nalo. La wasichana liliwekewa jiwe la msingi miaka mitano nyuma, kwa ngoma na hotuba. Kuta zikapanda, mafundi wakaondoka, paa halikuja. Sasa mzee mmoja, Ba Assu, alikuwa anafungia mbuzi wake humo. Dada yake Tuda, Itto, aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne kwa sababu hiyo hiyo: hakuna ndugu mjini, hakuna pa kulala.

Bungeni tuliacha simu zetu langoni, tukakaguliwa, tukakabidhiwa kwa kijana wa mapokezi. Alituonyesha vyumba vya kamati, kisha akatuingiza maktaba. Mtunzaji wake alikuwa Si Mfaddal, mzee nadhifu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Humu," alisema akigonga jalada nene, "mna kila swali ambalo mbunge ameiandikia wizara, na kila jibu. Kila anayekuja hapa huniuliza kama mji wake umo. Haya, ninyi mnatoka wapi?"

"Tizi Ufella!" wakaitikia.

"Usijisumbue, baba," Hadda akasema. "Sisi hata ramani ya hali ya hewa hutuficha nyuma ya kichwa cha mtangazaji."

Si Mfaddal alicheka, akavaa miwani, akatafuta. Alichukua muda. Halafu akasema, "Mmo bwana. Huyu hapa Mheshimiwa Bouazza, miezi kumi na minne iliyopita. Nani ana sauti nzuri atusomee?"

Tuda alikuwa mbele. Akaanza kusoma, nasi tukawa tunatabasamu kwa fahari. Swali lilikuwa fupi: bweni la wasichana la Tizi Ufella limefikia wapi? Jibu lilikuwa refu. Katikati ya jibu sauti yake ikapungua kasi.

"'... Napenda kumfahamisha Mheshimiwa Mbunge kwamba bweni hilo lilikamilika na kufunguliwa mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo. Lina vitanda arobaini na vinane, jiko, na maji ya moto. Hivi sasa linahudumia wasichana arobaini na sita.'"

Chini yake palikuwa na mstari mmoja: Mheshimiwa Mbunge ameridhika na jibu, anaishukuru wizara.

Mvulana mmoja kutoka nyuma akasema, "Arobaini na sita ni mbuzi wa Ba Assu. Wamewahesabu vizuri kabisa."

Watu walivunjika mbavu. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Tuda hakucheka. Aliweka kidole kwenye mstari ule kama anayeogopa utakimbia.

"Si Mfaddal, hii ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli kwamba ndivyo ilivyojibiwa. Mimi natunza karatasi, binti yangu. Huko kwenu sijafika."

"Naweza kuinakili?"

"Hii ni karatasi ya umma. Hata picha nitakutolea. Na andika namba na tarehe, maana bila namba utaambiwa umeota."

Alipomkabidhi nakala, nilimvuta Tuda pembeni. "Leo si siku yake," nikamwambia. "Tukirudi nyumbani tutalizungumza na mkuu wa shule."

"Sawa, Ustadha," alijibu. Akaikunja karatasi mara nne na kuitia mfukoni, na mimi nilijua kabisa kwamba hiyo haikuwa sawa ya kukubali.

*

Si Bouazza alitualika chakula cha mchana katika mkahawa karibu na bunge. Kuku wa ndimu na zeituni, mkate mwingi, soda kwa kila mtoto. Alizunguka meza akiuliza majina ya baba zao, na mengi aliyajua kweli. Alipofika kwangu akainama. "Kamati ya uhamisho inakaa mwezi huu," akaninong'oneza. "Mwambie mama aanze kupanga chumba chako."

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kushukuru niliposikia kiti kinasukumwa. Tuda alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa, samahani. Asubuhi tumesoma swali lako kuhusu bweni letu."

"Ahaa! Mmeona? Watu husema kazi ya mbunge ni kusinzia tu. Mmeona wenyewe nimeuliza."

"Tumeona. Na jibu tumeliona. Limesema bweni limefunguliwa na wewe ukashukuru. Bweni halina paa, Mheshimiwa. Nataka kujua tu, kabla ya kushukuru, ulikwenda kuangalia?"

Si Bouazza hakukasirika, alitabasamu taratibu kama mtu anayefungua zawadi.

"Binti yangu, mimi kazi yangu ni kuuliza, nimeuliza. Jibu ni la wizara, na wizara huletewa taarifa na watu wa huko huko kwetu. Kama kuna kosa dogo tutalirekebisha. Lakini haya ni mambo ya nyumbani. Mtu akienda ugenini haanzi kuanika nguo za ndani. Kaa ule, kuku anapoa."

"Si kosa dogo. Ni wasichana arobaini na sita."

"Kaa, Tuda," nikasema.

Alikaa. Si Bouazza akanitazama, tabasamu likiwa bado lipo. "Umewafundisha vizuri, Ustadha," akasema. "Vizuri mno."

Nilielewa: uhamisho wangu ulikuwa unaponyoka. Tulipotoka, kwenye kivuli cha mitende ya barabarani, nilimshika Tuda mkono nikamwambia anipe ile karatasi, niitunze mpaka turudi.

Hakuitoa. "Ustadha, ulitufundisha kwamba mbunge akishachaguliwa si wa jimbo lake tu, ni wa taifa zima. Ukatuuliza kwenye mtihani. Mimi nilipata kumi na nane kati ya ishirini kwa swali hilo."

"Nakumbuka."

"Ilikuwa ya mtihani tu?"

Nilitaka kumfokea. Nilitaka kumwambia kuhusu ngazi za nyumba yetu Salé, jinsi mama anavyozishuka kwa makalio, moja moja, na anavyoona aibu nikimkuta. Yeye alikuwa ananingoja nijibu, bila ujeuri, kama anavyongoja kila mara baada ya kengele.

"Hapana," nikasema. "Haikuwa ya mtihani tu."

"Basi nisaidie nijue nifanyeje, maana si yeye peke yake aliye mbunge mle ndani."

*

Saa tisa alasiri tulipanda juu kwenye viti vya wageni kusikiliza kipindi cha maswali. Masharti yalikuwa wazi: usipige makofi, usiseme, usinyooshe bango. Ukumbi chini yetu ulijaa nusu. Wabunge walisimama mmoja mmoja, mawaziri wakajibu, mwenyekiti akagonga nyundo yake muda ulipokwisha. Hadda alimsogelea Tuda, na kunong'ona kwake kukasikika safu tatu mbele. "Mwenzangu, mimi nina koo. Nipige kelele moja tu, 'Mbuzi!' Dunia nzima itageuka."

"Watatutoa nje," Tuda akamjibu, "na wale arobaini na sita watabaki humu humu kwenye karatasi wanalala kwenye vitanda. Nyamaza."

Alikuwa anaandika kwenye daftari lake, akifuta, akiandika tena. Tulipoteremka akanipa. Ukurasa mmoja, hauna tusi, hauna kilio: swali namba fulani la tarehe fulani lilijibiwa hivi, sisi tunaishi hapo, hali ni hii, tunaomba mbunge yeyote aiulize wizara upya. Chini aliacha nafasi ya majina.

Walitia saini kumi na tisa. Watatu hawakutia, mmoja wao mvulana ambaye baba yake ni dereva wa Si Bouazza. Hadda alipoanza kumchokoza, Tuda alimkatiza. "Muache. Yeye akirudi anakula kwao, wewe utamlisha?"

Kisha akanipa kalamu mimi.

Niliipokea. Niliona jina langu kwenye orodha ya uhamisho, na niliona mkono wa mtu ukilifuta. Halafu niliandika: Mimi, Najia Lamrini, mwalimu wa shule hii kwa miaka sita, nathibitisha kwamba haya ni kweli. Nikatia saini kubwa, si kwa ujasiri. Nilitaka isomeke, nisije nikapata pa kuikana.

Basi lilikuwa linatungoja kuondoka saa kumi na moja. Kijana wa mapokezi alituruhusu kungoja katika ukumbi wa wageni, pale wabunge wanapopita wakitoka. Tukakaa hapo kama watu wa harusi wasiojua bibi harusi yuko wapi. Wa kwanza alipita na simu sikioni. Wa pili alimwambia Tuda ampe msaidizi wake, na msaidizi hakuonekana. Wa tatu akauliza, "Ninyi jimbo gani?" Alipoambiwa akasema, "Ah, mnaye Bouazza, mtu mzuri sana," akaenda zake. Mwingine alidhani wanataka kupiga naye picha, akasimama kabisa na kurekebisha tai. Tuda aliwasogelea wote, kila mmoja kwa maneno yale yale, "Mheshimiwa, naomba dakika mbili," na kila alipokataliwa alirudi ukutani, akanyoosha karatasi, akamngoja anayefuata.

Wa saba alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, amebeba mafaili kifuani. Tulimtambua. Ndani ukumbini aliuliza kuhusu bandari ya wavuvi ya kwao kaskazini, na waziri akamjibu kwa mzaha, watu wakacheka. Jina lake Lalla Kenza Ferhat, 'Lalla' ikiwa ni 'Bibi'.

"Dakika mbili?" akasema. "Mimi nimepewa mbili leo na zote wamezila. Lete."

Akakaa kwenye benchi, akasoma ukurasa wote, kisha akasoma nakala ya Si Mfaddal. Alipoinua uso hakuwa na huruma hata kidogo.

"Nani ameliona jengo hili kwa macho yake, na lini?"

"Mimi," Tuda akasema. "Ijumaa, kabla ya safari. Napita hapo kila nikienda kisimani."

"Utajuaje kwamba hakuna bweni jingine mahali pengine?"

"Mji una mitaa miwili, Lalla."

"Usinijibu kwa ujanja. Nikisimama mle ndani na hili, watatafuta tundu. Kama kuna nyumba imekodishwa, kama kuna chumba kimoja kina kitanda kimoja, wataniumbua, na sitafumbua mdomo tena. Wasichana hapa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi kila mmoja aniambie analala wapi."

Wakatazamana. Hawakuwa wamezoea kusema hayo, kwani kwetu pa kulala pa mtu ni siri ya ukoo wake. Hadda ndiye aliyeanza, na safari hii bila utani. "Kwa shangazi yangu. Nalala jikoni. Mume wake akirudi kutoka machimboni narudi kijijini, kwa hiyo nakosa shule wiki moja kila mwezi." Wa pili: natembea, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Wa tatu: kwa mwanamke mmoja, namfulia na kumlelea watoto. Wa nne, wa tano. Mmoja alisema, "Najua unachouliza, lakini mimi siwezi kusema," na Lalla Kenza akaitikia kwa kichwa na kumpita taratibu. Mimi nilikuwa mwalimu wao miaka yote hiyo. Nilijua matatu kati ya majibu yale kumi na moja.

Wa mwisho alikuwa Tuda. "Nyuma ya duka la nyama, wasichana wanne. Tunaweza. Dada yangu hakuweza kwa sababu alikuwa peke yake. Yeye ndiye alikuwa na akili kuliko mimi."

Lalla Kenza alifungua faili lake akaitia ile karatasi ndani. "Nisikilizeni. Sitoi ahadi ya paa. Naahidi swali. Itachukua wiki kadhaa. Nitumieni picha zenye tarehe, na barua za wazazi. Na Mheshimiwa wenu nitamwambia mwenyewe kesho, ana kwa ana. Sipendi kumzunguka mtu. Mkirudi huko mtabanwa, mnajua?"

"Tunajua," Tuda akasema.

"Hujui. Lakini utajua."

*

Tulibanwa. Mkuu wa shule aliniita akafunga mlango, akaniuliza kama nimechoka na kazi. Baba yake Tuda aliitwa na ofisi moja ambayo sitaitaja, akaulizwa kama binti yake anatumwa na watu. Mzee yule si msemaji. Alirudi, akampita binti yake uani, akaenda kwenye mizinga yake. Kesho yake alitufikishia barua aliyoiandikisha kwa mwalimu wa dini: Mimi ni baba wa wasichana wawili, mmoja ameacha shule kwa kukosa kitanda. Akaweka dole gumba. Barua hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Ndani ya wiki mbili tulikuwa na thelathini na nne, na Tuda alizifuata nyingine kwa miguu, vijiji ambavyo mimi sikuwahi kufika.

Uhamisho ulitangazwa mwezi huo. Jina langu halikuwemo. Nilipompigia mama, aliuliza, "Umefanya nini?" Nikamsimulia. Akasema, "Una kichwa kigumu kama marehemu baba yako." Akaongeza kwamba magoti hayajambo, na huo ulikuwa uongo.

Wiki ya saba Lalla Kenza alisimama bungeni. Tulitazama kwenye televisheni ya mkahawa wa stendi, mahali ambapo mwanamke haingii. Mwenye mkahawa alituona wasichana kumi na mmoja na mwalimu tumesimama mlangoni, akawahamisha wazee wa karata. Lalla Kenza hakupandisha sauti. Alisoma jibu la zamani, namba na tarehe, akasoma barua ya mfuga nyuki, akauliza, "Naomba majina ya wasichana arobaini na sita." Waziri alipekua karatasi zake. Akasema taarifa zilitoka ngazi za chini, na kwamba ataunda tume ya kwenda kuona.

"Majina hana!" Hadda akapiga kelele. "Hana!" Na wazee wa karata wakapiga makofi, ingawa nina shaka kama walikuwa wameelewa.

Tume iliarifiwa kuja Alhamisi. Jumatano asubuhi lori lilifika. Likateremsha vitanda vya chuma, vipya, vingine bado vina plastiki, na vibarua wakavipanga kwa safu ndani ya kuta zile zisizo na paa, mbuzi wakiwa wamefukuzwa. Yule dereva wa Si Bouazza akaja shuleni kusema wasichana wanahitajika, waje na madaftari, wakae juu ya vitanda, tume ikute mambo yanaendelea.

Hakuna aliyewapangia la kufanya. Alhamisi walikwenda wote, Tuda mbele, na pamoja nao wengine ambao sijawahi kuwaona darasani, walioacha shule mwaka ule na miaka ya nyuma. Itto alikuwemo, shali kichwani. Theluji ya mwisho ya mwaka ilikuwa inadondoka nyepesi. Wakasimama nje ya ukuta, barabarani.

"Ingieni basi!" dereva akasema. "Mnapigwa na baridi bure."

"Ndani na nje kuna tofauti gani?" Tuda akamuuliza. "Tuonyeshe paa, tutaingia."

Alibembeleza, akatisha, akabembeleza tena. Wasichana hawakusogea. Gari la tume lilipofika, wakashuka mabwana watatu na bibi mmoja mwenye buti. Yule bibi aliingia peke yake. Tulimwona kupitia tundu la dirisha akifuta theluji kwenye godoro kwa kiganja, akitazama mbingu, akiandika. Alipotoka hakuuliza lolote kuhusu vitanda. Aliuliza, "Nani kati yenu anataka kuanza kusema?" na wakaanza kusema, mmoja mmoja, jina, kijiji, analala wapi, au aliacha shule lini. Walifika thelathini na nane. Aliyaandika majina yote, akayasoma tena kwa sauti ili asikosee hata moja.

Sitasema kwamba waongo waliadhibiwa. Mhandisi mmoja alihamishwa, Si Bouazza alikuja kwenye uzinduzi na kukata utepe, na hotuba yake ilikuwa ndefu kuliko ya mtu yeyote. Lakini paa liliwekwa kiangazi kile. Katika kumbukumbu za bunge, Lalla Kenza alinipigia kunijulisha, jibu jipya limechapishwa kusahihisha la zamani, na Si Mfaddal amelitia alama mwenyewe ili anayesoma moja alione na la pili.

Tuda hakulala katika bweni hilo hata siku moja. Lilipofunguliwa Oktoba alikuwa ameshafaulu na kwenda Meknes kusoma sheria. Itto, mwenye miaka ishirini, alikuja kuniuliza kama mtu wa umri wake anaweza kukaa na watoto wa miaka kumi na mitano. Nikamwambia viti havina umri.

Usiku wa kwanza waliingia wasichana thelathini na mmoja. Asubuhi yake mlezi wa bweni, mama mmoja mnene aliyetoka bondeni, alinifuata darasani akihema.

"Ustadha, watoto wako hawa hawana adabu. Maji ya moto yamekatika mara moja tu, mara moja! Nimeamka nakuta wameshaandika barua. Ina tarehe. Ina namba. Kila mmoja ametia saini."

"Wameileta kwako?"

"Wameileta kwangu."

"Basi ijibu barua yao," nikamwambia, nikageukia ubao.